Karatasi ya vitumbula



Leo nataka kuwaambia habari ya vitabu vine nilivyosoma mwaka uliopita. Sikuvisoma kwa kutafuta mahubiri. Nilivisoma kwa furaha tu. Kwa miaka mingi nilifikiri kwamba mchungaji hana ruhusa ya kufanya hivyo. Kwenye Shule ya Biblia tulisoma Neno, maelezo ya Neno na historia ya kanisa, basi. Riwaya tuliihesabu kuwa kazi ya wavivu. Nilitoka pale nikiwa kijana, na miaka zaidi ya ishirini ikapita bila mimi kufungua hadithi hata moja.

Mambo yalianza na vitumbula. Asubuhi moja, hapa kwetu Likasi, nilinunua vitumbula vinne kwa mama mmoja wa kanisa letu, mjane, anayeuza kando ya njia. Alinifungia katika karatasi. Nilipomaliza kula, nikaangalia ile karatasi yenye mafuta. Ilikuwa ukurasa wa kitabu kwa Kifaransa. Farasi anakimbia chini ya ardhi, gizani, maji yanamfuata nyuma. Anatafuta njia ya kutoka, na njia hakuna. Ukurasa ukaisha hapo.

Nilirudi mbio kwa yule mama.

– Mama, hii karatasi ulitoa wapi?

– Baba Pasta, ni karatasi tu. Bwana yangu alikuwa mwalimu, aliacha kisanduku kizima cha mabuku. Bandugu yake walikamata yote: kitanda, redio, mashini ya kushona. Mabuku, hakuna mwenye aliyataka.

Alikuwa anayachana moja moja, akianzia nyuma. Nilimwomba aniuzie yaliyobaki. Kwa kufungia vitumbula nilimpa magazeti ya zamani, na kati yake nambari kadhaa za gazeti letu hili. Wahariri wanisamehe. Haya basi, maoni yangu ni haya.

1. Germinal, cha Émile Zola

Ndicho kitabu cha yule farasi. Kilitoka mwaka 1885, na kinaeleza maisha ya wachimbaji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Kijana mmoja, Étienne, anafika usiku kwa miguu, hana kazi, hana mkate. Anapewa kazi mgodini na kuingia katika maisha ya jamaa moja, akina Maheu. Babu alitolewa mara tatu chini ya ardhi akiwa karibu kufa, sasa anatema mate meusi. Baba anachimba, binti anasukuma vigari, mama anahesabu vipande vya mkate.

Ugomvi unaanza juu ya miti ya kushikilia mwamba. Wachimbaji wanalipwa kwa vigari vinavyojaa, kwa hiyo hawapotezi saa kusimamisha miti vizuri. Mwamba unaanguka, watu wanaumia. Kampuni inasema: sasa tutalipa miti peke yake, lakini bei ya kigari inashuka. Kumbe, ukipiga hesabu, mshahara umepunguka. Wanagoma, njaa inaingia, askari wanakuja na bunduki.

Wasomaji wa Likasi, Kambove na Kolwezi, je, habari hii ni ngeni kwenu? Kule makaa, huku shaba na kobalti. Kule vigari, huku saki na mizani, na mashine ya kupima ubora wa madini ambayo mchimbaji haruhusiwi kusoma mwenyewe. Nilikuwa ninasoma usiku kwa mshumaa, umeme umekatika, na mara kwa mara nilisahau kwamba hawa si watu wa mtaa wetu.

Lakini kuna ukurasa mmoja ulionichoma. Katika kitabu kuna padri mmoja, mtu mpole, mnene kidogo. Anapita kati ya nyumba za wachimbaji akiinua kanzu yake isiguse matope. Hataki ugomvi na wafanyakazi, hataki ugomvi na wakubwa. Ni hayo tu. Mwandishi hamtukani. Niliweka kitabu chini. Nilimjua yule mtu.

Niwaeleze. Miaka mitatu iliyopita nilihubiri juu ya 1 Timotheo 6:10, kupenda fedha. Nilipokuwa ninasema, macho yangu yalikuwa kwenye benchi la vijana wa mashimo, wale tunaowaita creuseurs. Kila mtu kanisani aliona. Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya. Tangu siku ile hakurudi. Wazee wa kanisa waliniuliza kama nitamtembelea. Nikajibu: Anajua njia ya kanisa.

Sasa, kitabu changu hakikuwa na mwisho. Yule mama alikuwa amekwisha kuuza kurasa za nyuma zote pamoja na vitumbula. Niliachwa na watu wale wamefungwa chini ya ardhi, maji yanapanda mpaka kifuani, na mimi sijui kama watatoka. Juma moja nzima sikulala vizuri. Nikawauliza walimu, nikawauliza wachungaji wenzangu. Hatimaye shemasi mmoja akaniambia: Kuna mtu anayekijua kile kitabu. Akataja jina la yule kijana wa besi.

Ndivyo nilivyokwenda kwake. Haikuwa kwa upendo wa mchungaji, ninakiri mbele yenu. Nilikwenda juu ya kutaka kujua mwisho wa hadithi. Nilimkuta nje ya nyumba yao anaosha buti zake. Alisimama, akanipa kiti, akanyamaza. Nikamwambia shida yangu. Akacheka kidogo.

– Ile buku, Baba Pasta? Nilisha kuisoma mu kalasi ya sita.

Sikujua kwamba alimaliza masomo ya sekondari na ana diploma ya serikali. Sikuwa nimemwuliza hata siku moja. Alinieleza mwisho wote pale nje, buti mkononi. Binti anakufa gizani mikononi mwa Étienne. Étienne anatolewa akiwa hai, nywele zake zimekuwa nyeupe kama za mzee. Mama mwenye nyumba, aliyepoteza bwana na watoto, anashuka yeye mwenyewe mgodini, sababu waliobaki wanapaswa kula. Na Étienne anaondoka kwa miguu asubuhi, na chini ya nyayo zake bado anasikia wenzake wanapiga mwamba.

Kisha akaniuliza:

– Yako ilikuwa na ule ukurasa wa padri?

– Ilikuwa nao.

– Shiye tulicheka sana mu kalasi.

Hakusema zaidi. Mimi pia sikupata neno la haraka. Baadaye nikamwomba msamaha juu ya yale mahubiri, na akaniambia kwa nini anashuka shimoni: ana wadogo wanne, na baba yao hayupo tena. Bado siipendi ile kazi, nimezika vijana wengi mno waliotolewa chini ya udongo. Lakini kumhukumu mtu bila kumwuliza habari zake, hiyo ilikuwa dhambi yangu mimi.

Neno kwa wazazi: kitabu hiki kina mambo makali na ya aibu. Si cha watoto. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza kukisoma, na mkubwa awe tayari kuzungumza naye.

2. L'Enfant noir, cha Camara Laye

Mwandishi ni mtu wa Kouroussa katika Guinea, na kitabu kilitoka mwaka 1953. Anasimulia utoto wake. Ni kitabu kitamu, chepesi, na Kifaransa chake ni safi. Wanafunzi wa sekondari wakisome bila woga.

Baba yake alikuwa mfua chuma na mfua dhahabu. Kuna siku mwanamke analeta dhahabu aliyoiosha mwenyewe kwenye mchanga wa mto, anataka pambo. Mwimbaji anapiga kinanda na kumsifu baba, moto unavuviwa, watu wote wananyamaza, na dhahabu inayeyuka. Nilipenda sana sehemu hii. Huku kwetu, wazee wa zamani waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba midogo iliyotumika kama pesa. Leo mtoto wa Katanga anaona saki na kamyo tu. Madini yanakwenda, na yanakuwa kitu mbali na macho yake.

Kuna pia nyoka mweusi anayehesabiwa kama mlinzi wa jamaa. Hapo mimi na mwandishi hatufuatani. Lakini simulizi la mtu si katekisimo yangu. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mgeni barazani. Na pale mama anapolia na kukataa mwanawe asipelekwe Ufaransa kusoma, nilimkumbuka mama yangu siku nilipopanda gari kwenda Shule ya Biblia.

3. Une si longue lettre, cha Mariama Bâ

Mwandishi ni mwanamke wa Senegal, na kitabu kilitoka mwaka 1979. Kipo pia kwa Kiswahili, kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Kidogo tu, unamaliza kwa siku mbili. Mjane anaitwa Ramatoulaye. Anakaa katika siku za kilio na kumwandikia rafiki yake. Bwana yake alimwacha na watoto kumi na wawili, akaoa rafiki wa binti yao. Sasa amekufa. Siku arobaini zikipita, ndugu ya marehemu anakuja kutangaza kwamba yeye ndiye atamwoa. Ramatoulaye anamjibu mbele ya wote. Jibu lile lisomeni wenyewe.

Nilimsomea mama wa nyumbani kwangu sehemu kubwa, jioni, anapochagua maharage. Akasema:

– Huyu ni Mwislamu wa Senegal, lakini kilio chake ni cha huku kwetu.

Kisha akaniuliza:

– Na wewe, siku bandugu ya mwalimu walikuja kubeba vitu vya yule mama, ulikuwa wapi?

Nilikuwa mle ndani ya nyumba. Niliomba pamoja nao, wakanipa soda, nikanywa. Kitanda kilipita mlangoni nikiwa ninashika chupa. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 katika inchi yetu inamhesabu mjane kati ya warithi. Nilijua, na nilinyamaza. Tangu nisome kitabu hiki, mimi na wazee wa kanisa tumepatana: jamaa ikikusanyika kugawa vitu vya marehemu, mmoja wetu akae pale na aseme. Juu ya yule mama tulikwenda kwa shemeji zake mara mbili. Mashini ya kushona imerudi. Mengine bado.

4. Shujaa Okonkwo, cha Chinua Achebe

Hiki hakikutoka kisandukuni. Mchungaji mwenzangu alikileta kutoka Tanzania. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1958. Kiswahili chake ni kigumu kidogo kwetu wa Katanga, kuna maneno niliyoyaruka, lakini hadithi inakushika mkono na kukuvuta.

Okonkwo ni mtu wa nguvu katika inchi ya Waibo, Nigeria. Anaogopa kitu kimoja tu: kuonekana dhaifu kama baba yake. Juu ya woga huo anampiga kwa panga kijana aliyekaa nyumbani mwake miaka mitatu na kumwita baba. Mzee mmoja alikuwa amemwonya asitie mkono wake. Mtoto wake mwenyewe, Nwoye, anafahamu, na kitu kinakatika ndani yake. Ndiyo sababu wahubiri wanapofika na nyimbo zao, Nwoye anakwenda.

Wengi wetu tunasoma kitabu hiki kwa kuwatazama wamisionari. Wapo wawili: Brown anayekaa na wazee na kuwasikiliza, na Smith anayekuja baada yake na kuharibu kwa ukali. Wachungaji, hapo pana somo letu. Lakini mimi nilimtazama zaidi Nwoye. Nina mtoto wa miaka kumi na mine ambaye nikiingia chumbani, yeye anatoka. Nilikuwa ninaita hiyo heshima. Siku hizi ninamsomea kurasa chache jioni. Mara ya kwanza alikaa karibu na mlango. Sasa anakaa kwenye mkeka, na nikichelewa ananiuliza: Baba, leo hatusomi?

Wapenzi, vitabu hivi havichukui nafasi ya Biblia katika nyumba yangu. Kila kitu na saa yake. Lakini ninasikitikia ile miaka zaidi ya ishirini.

Vile vya kisandukuni vilivyopona, kumi na moja kwa hesabu, vipo sasa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu. Kijana wa besi ndiye anayeshika daftari la waazimaji, Jumapili baada ya ibada. Kwenye Germinal ameandika mwisho wa hadithi kwa kalamu, kurasa tatu, akazishona nyuma kwa uzi. Kama una kitabu usichokihitaji, usikitie motoni. Mletee yeye. Na ukinunua vitumbula, soma karatasi kabla ya kuitupa.

Bwana awabariki.