Chumvi Imerudi

Maji yalipoanza kujaa, nyanya aliniamsha twende kutanda uduvi katika hori la Mwache, magharibi ya Mombasa. Kabla ya kuitosa leso kuukuu, alichota maji kwa kiganja akayaonja. Ulimi wake ndio uliokuwa kalenda yetu.

Wakati wa kaskazi maji yalikuwa ya moto, matulivu, chumvi kali. Tuliiburura leso kando ya mizizi ya mikoko, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tukaiinua. Kati ya uduvi walirukaruka chaa wadogo kama ukucha, weupe wa fedha, pamoja na changu wachanga. Nyanya aliwachagua mmoja mmoja akawarudisha. "Hawa bado wako chuoni," alisema.

Masika yakifika, Mto Mwache, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ulishuka na maji mekundu. Chumvi ikapungua. Samaki wasiostahimili maji matamu wakasogea nje kulikokolea chumvi. Mikizi wakabaki, maana wao huku wamo na kule wamo. Yale maji ya tope yaliwaficha wachanga wasionwe na wakubwa wenye njaa. Kusi nayo ilipochafua bahari, mle ndani mizizini mlikuwa shwari. Kila msimu ulikuwa na wake wa kuondoka na wake wa kurudi.

Kisha ikaja El Niño. Mvua za vuli ya mwaka 1997 hazikujua kukoma. Zikavuka hadi 1998. Mto ukaleta udongo wa mashamba ya bara, ukautandaza juu ya mizizi. Mkoko huvuta pumzi kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye mizizi iliyo juu ya tope. Vikazibwa. Majani yakageuka manjano, yakapukutika, miti ikasimama mikavu.

Kaskazi iliyofuata nyanya alionja maji. "Chumvi imerudi," akasema. Nikafurahi. Tukatanda, tukainua: uduvi kidogo, mikizi watatu, basi. Nyanya akashika shina la mkoko. Gome likabanduka mkononi mwake.

"Chuo kimebomoka, mwanangu."

Chumvi hurudi kwa msimu mmoja. Mkoko hutaka miaka. Siku hiyo tulikunja leso mapema. Hapakuwa na samaki mchanga hata mmoja wa kumrudisha majini.