Mbweni, Mimi na Mume wa Uongo

“Unaenda na nani?” aliuliza mume wangu, macho kwenye runinga.

“Peke yangu.”

Runinga ikazimwa.

Najua na wewe msomaji ungekuwa na maswali. Kwetu, mke wa mtu akivuka kwenda Unguja wikiendi nzima bila mume, bila shosti, bila hata semina ya kusingizia, lazima watu wamtafutie mwanamume. Lakini mwezi ule jarida lilikuwa limetoka kwa mbinde, na nilitaka siku mbili za kutoulizwa chochote. Tukapatana: nimwachie namba ya nyumba ya wageni, na nimpigie kila siku kabla ya saa moja jioni.

Kutoka Dar kwa boti ya kasi ni kama saa mbili. Ukishuka bandarini Malindi unapokewa na papasi, wale vijana wanaojifanya wenyeji wako kabla hujawatajia jina. Wengi wanatafuta riziki tu. “Mume wangu ananisubiri pale nje,” nikasema, nikapita. Pete kidoleni, mwendo wa mtu anayejua aendako, bei ya teksi imepatanwa kabla sijafungua mlango. Uongo huo sina aibu nao, na nitausema tena.

Kosa langu ni kwamba sikuuacha bandarini. Mbweni, mama mwenye nyumba aliponiuliza kwa ukarimu kama niko peke yangu, ulimi ukajibu wenyewe: “Mume wangu yuko mjini, tutakutana.” Yaani hata mimi nilishangaa.

Mbweni iko kama kilomita 7 kusini ya Mji Mkongwe, jirani na uwanja wa ndege, lakini ukiingia vichochoro vyake vyenye miembe unasahau kama kuna ndege. Hapa ndipo wamisheni wa Kianglikana walinunua shamba mwaka 1871 na kuwaweka watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wametolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa baharini. Magofu unayoyaona karibu na ufuko ni ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mimi nilikuwa nimegombania ruhusa ya kusafiri peke yangu. Wasichana wale walifika hapa peke yao kabisa, bila mama, bila ndugu, na hakuna aliyewauliza kama wanataka safari.

Mwalimu mkuu wao, Caroline Thackeray, alifika kutoka Uingereza mwaka 1877, akiwa hana mume. Hakurudi kuishi kwao. Alifia Unguja mwaka 1926 na kaburi lake liko hapo hapo Mbweni, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana, lililowekwa wakfu mwaka 1882 na ambalo bado linasaliwa. Njiani kuelekea kanisani bibi mmoja alikuwa akifagia uwanja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za safari kana kwamba tunajuana. Nikaona ni adabu ya pwani tu, nikaenda zangu.

Saa sita mchana nikashuka ufukweni. Nilikuwa nimevaa gauni refu na kanga mabegani. Huku watu wanajistiri, na ukijistiri nawe macho yanapungua. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, bado bamvua, bahari imekwenda mbali kabisa. Nikaufuata mchanga, nikapita mikoko, nikapata kivuli, nikafungua riwaya. Nikalala.

Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja na njia niliyojia haipo. Wakati wa bamvua bahari ya Unguja inapanda karibu mita 4, na haimsubiri mtu amalize usingizi. Simu imezimika. Kijana mmoja akatokea vichakani. “Dada, njoo huku, kuna njia ya mkato.” Huenda alikuwa kijana mwema kabisa. Mpaka leo sijui.

“Ahsante kaka, namngoja mume wangu.”

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akacheka. Mwenzangu, nilisikia tumbo linashuka. Maana hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna mtu duniani anayejua niliko, na pale nilipofikia hawatakuwa na wasiwasi: si niko na mume?

Kwa mbali nilisikia watoto wakicheza. Nikakunja gauni, nikaingia majini, nikavuka kwa kufuata zile kelele, maji ya magotini, kisha ya mapajani. Kijana hakunifuata. Nilipopanda juu nikapiga hodi nyumba ya kwanza. Aliyetoka ni bibi wa ufagio.

“Wewe si yule wa asubuhi? Peke yako?”

“Peke yangu, bibi.”

Alinipa kanga kavu, akamtuma mjukuu akaniletea simu. Ilikuwa saa moja na dakika kumi.

“Uko wapi?” Sauti ya mume wangu ilikuwa baridi. “Nimepiga hapo ulipofikia. Mama kaniambia nisiwe na wasiwasi, uko na mumeo.”

Kueleza kulichukua muda na salio lote la watu. Mwishoni alikaa kimya, kisha nikamsikia anajaribu kuzuia kicheko, halafu akashindwa. Nikacheka na mimi, ila miguu ilikuwa bado inatetemeka. Binti wa yule bibi alinisindikiza mpaka mlangoni.

Asubuhi nilimfuata mama mwenye nyumba jikoni kabla hajaandaa meza. “Mama, mume wangu yuko Dar. Nimekuja peke yangu.”

Akaendelea kugeuza chapati. “Mimi nilijua toka jana, mwanangu. Mwenye mume mjini hali peke yake usiku.” Akaniwekea sahani. “Haya, leo ukitoka uniage. Na uniambie unakwendapi.”

Nikamwambia: Forodhani jioni, kula urojo, kurudi saa mbili na teksi atakayoniitia yeye. Na mchana, ufukweni tena, ila safari hii nilimuuliza kwanza maji yanajaa saa ngapi.