Kikapu cha Kazi Iliyokwisha

Mwalimu huzoea kudhani ya kuwa neno likitoka kinywani mwake limekwisha fika moyoni mwa mtoto. Mimi nalidhani hivyo muda wa miaka 10, hata akaletwa darasani mwangu mtoto wa miaka 7, ambaye jina lake nalificha.

Nikisema, "Ketini," wenziwe huketi, yeye husimama dirishani akizungusha kifuniko cha chupa. Kengele ikilia huziba masikio akapiga kelele. Nikamhesabu mkaidi, nikamchapa fimbo mbili, jambo ambalo sasa naona haya kuliandika. Tena nikamwambia mama yake kuwa shule haimfai mwanawe. Mama hakujibu neno. Kesho yake akamleta tena.

Ndipo nikatafuta kujua. Hali hiyo huitwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 kwa habari za watoto 11. Baadaye wako matabibu waliowatupia mama lawama, ati mapenzi yao yamepoa. Eric Schopler wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliyakataa hayo, akawafanya wazazi wenzi wake katika kufundisha; na mwaka 1972 jimbo lile liliukubali mpango wake uitwao TEACCH. Shina lake ni hili: wengi wa watoto hawa hufahamu kwa macho kuliko kwa masikio, basi mahali, saa na kazi vipangwe hata vionekane.

Nikageuza pembe moja ya darasa. Meza nikaielekeza ukutani, na kabati ubavuni, asivutwe na mambo ya wenziwe. Kushoto kwake nikaweka vikapu vya kazi, na kulia kikapu kitupu cha kutilia iliyokwisha. Kwa kutazama tu aweza kujua afanye nini, kazi ni kiasi gani, itakwisha lini, na baada yake kuna nini. (Hata mtu mzima akikosa kujua hayo manne kazini, moyo humchafuka.) Ukutani nikabandika picha za siku yake, toka juu hata chini: kalamu, uji, mpira, nyumba.

Akazirarua zote. Nikabandika nyingine, akazirarua. Mwalimu mwenzangu akacheka, akasema nalea mwana wa sultani.

Aliyenifungua macho ni yule mama. Alisema, "Mwalimu, picha hazijui. Lakini akishika kikombe chake, ajua uji u tayari." Nikaondoa makaratasi, nikatundika vitu vyenyewe: kikombe, kipande cha kalamu, mpira mdogo, na mfuko wake wa kwendea nyumbani. Wiki ya tatu alitenga mahindi na maharagwe, akatia kikapuni kulia, akainuka mwenyewe kutwaa kikombe. Sikusema neno, nikichelea kumharibia.

Sisemi amepona, maana usonji si homa ya kuponywa. Kengele bado humtesa, na maneno yake ni machache. Ila hachapwi tena, na picha mbili sasa azijua.

Januari atahamia darasa la mwalimu mwingine, naye amekwisha niambia hana pembe ya kumpa. Nimemwomba aje aketi nasi asubuhi moja tu. Hajaja bado.