Nipe Mji

Nilijifunza kutunga shanga Ngamiani, Tanga, nikiwa na umri wa miaka saba. Mama aliniwekea sahani ya bati mapajani, akamimina humo shanga za rangi tatu, akanipa sindano na uzi wa mshipi wa kuvulia. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisema: nyekundu mbili, nyeupe moja, buluu moja, kisha unarudia mpaka uzi uishe. Nilipokosea hakunigombeza. Alikata fundo, shanga zote zikarudi sahanini kwa mlio kama mvua inapoanza kugonga paa la bati, akasema, "Anza tena, mwanangu. Mkono haujajua bado."

Nilianza tena mara nyingi. Nilipofika darasa la saba mkono ulikuwa mwepesi, ila ulijua jambo moja tu, kurudia ulichoonyeshwa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ndiyo kazi yote.

Mwaka 2009 nilihamia Dar es Salaam, nikakodi meza kwenye soko la kazi za mikono. Niliuza hereni, bangili, vikuku na vidani. Kulia kwangu alikuwa mama wa Songea, kushoto dada wa Singida. Sote tulinunua shanga Kariakoo, mara nyingi duka moja. Nikitoa kidani kipya Jumatatu, Alhamisi kiko juu ya meza zote tatu. Nao wakitoa chao, nami nilikiiga usiku uleule. Kidani nilichoanza kukiuza shilingi 8,000 kilishuka hadi 5,000, kisha 3,500, mpaka ikabaki bei ya shanga na uzi, jasho likawa bure. Tukaanza kufichana. Mteja akiondoka nafunika kazi yangu kwa kanga. Asubuhi tulisalimiana kwa midomo, macho yakiwa kwenye meza ya mwenzako.

Mwaka 2014 bibi harusi mmoja aliniagiza kidani cha mizunguko mitano, cheupe na dhahabu. Nilikitunga chote kwa uzi mmoja mrefu. Katikati ya ukumbi, watu wakiwa wanatunza, uzi ukakatika. Shanga zilimwagika sakafuni, watoto wakawa wanaziokota kama njugu. Nilirudisha pesa, nikaomba radhi, na radhi nikapewa. Lakini usiku ule nilikaa na mabaki ya kile kidani mkononi nisijue kosa langu liko wapi, wala sikuwa na wa kumwuliza. Wale ambao wangeweza kunijibu ndio niliokuwa nikiwafunikia kanga.

Aliyetufunua ni mteja wetu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mwaka 2016 alituita sote watatu barazani kwake, Temeke. Tulidhani ana kazi ya kuagiza. Badala yake alimpa kila mmoja kikombe kidogo cha kahawa kilichojaa shanga, na vikombe vyote vitatu vilikuwa sawa kwa rangi na kwa kipimo. Akaketi, akasema, "Kitendawili!"

Tukatazamana. Kisha tukaitikia kama tulivyoitikia utotoni: "Tega!"

"Shanga ni hizohizo, uzi ni huohuo, mwezi ni mmoja. Nileteeni vitu vitatu visivyofanana."

Masharti yalikuwa machache. Huruhusiwi kuongeza ushanga usiotoka kikombeni. Huruhusiwi kumwonyesha mwenzako kabla ya siku yenyewe. Hakuna mshindi. Atakayeshindwa atatoa mji, kama ilivyo desturi ya vitendawili, na mji wetu sisi ni kijiko kimoja cha shanga zako bora kuliko zote, unampa aliyetega.

Mwezi ulipoisha, mama wa Songea alileta hereni ndefu zenye vishada vilivyogusa bega. Dada wa Singida alileta bangili pana, shanga zimesongamana hata uzi hauonekani. Mimi nilileta kikuku chembamba, shanga tatu tatu, na baina yake nafasi. Tulivilaza juu ya mkeka, tukanyamaza. Ndipo nilipoona kwamba mkono wa Songea hupenda kuning'iniza, wa Singida hupenda kujaza, na wangu hupenda kuacha mwanya. Miaka saba tulikaa meza kwa meza, na hakuna aliyeujua mkono wa mwenzake, wala wake mwenyewe.

Mwalimu hakushangaa. Alitukumbusha kwamba Kiswahili kina neno moja kwa kazi hii na kwa ushairi. Shanga hutungwa, na shairi hutungwa. Hata samaki wa kupeleka nyumbani hutungwa kwenye ukuti, tukauita mtungo. Na washairi wa pwani, alisema, hawakupenda kutunga peke yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu, na hata pale maneno yalipokuwa makali, vina na mizani vilishikwa. Anayejibu shairi hufuata bahari ya aliyeanza, na ubingwa wake huonekana humohumo. Toka siku hiyo niliacha kuliona sharti kama kamba ya kunifunga.

Tukaendelea kutegana. Kitendawili kilichonitesa zaidi kilikuja mwaka uliofuata: rangi nyekundu peke yake. Mwalimu alikitega kwa hadithi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kuingia bara ilibeba shanga kama sisi tunavyobeba noti. Richard Burton, Mwingereza aliyeanza safari hiyo mwaka 1857, aliandika kwamba shanga nyekundu za samesame zilipendwa hata zikapewa jina la kivunja mji. Kila nchi ilikuwa na rangi iliyokubalika kwake. Aliyefika na rangi isiyotakiwa alikuwa na magunia ya mali asiyoweza kununulia hata chakula.

Jina lile, kivunja mji, lilinikaa kichwani, kwa sababu mimi nilikuwa karibu kutoa mji. Nyekundu juu ya nyekundu hailetei jicho kitu cha kushika. Nilitunga nikafumua mara nne. Mara ya tano nikazima taa, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala, nikaendelea kuzipapasa shanga gizani. Vidole ndivyo vilivyonijibu. Shanga hupimwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga hupungua: namba 6 inakaribia punje ya mtama, namba 11 inakaribia punje ya uwele. Nikatunga kidani cha nyekundu tupu kinachoanza na namba 11 shingoni, kikanenepa taratibu hadi namba 6 kifuani, kisha kikashuka tena. Kwa mbali ni rangi moja, lakini ukipitisha kidole unahisi wimbi. Nilikiuza shilingi 25,000, na kwenye meza za jirani hakuna aliyekiiga, maana kila mmoja alikuwa na nyekundu yake ya kujivunia.

Kundi likakua mpaka tukawa saba, na kila aliyeingia aliingia na kitendawili chake. Dada mmoja aliyetoka Kampala alitega karatasi. Alijifunza kazi hiyo Kireka, kando ya jiji, ambako akina mama wengi waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda walijipatia riziki kwa shanga za karatasi. Unakata karatasi ya kalenda au gazeti la rangi iwe pembetatu ndefu, kitako chake upana wa kucha ya kidole gumba. Unaanza kuviringisha kutoka kwenye kitako, juu ya njiti nyembamba, ukikaza bila kukunja, na ncha unaibandika kwa gundi. Ukilegeza unapata kitu kama sigara, ukikaza unapata ushanga mnene katikati na mwembamba mwishoni. Unapaka vanishi, unaanika. Rangi itakayobaki juu hutaijua hadi mzunguko wa mwisho, na hilo lilinifundisha subira kuliko mawaidha yoyote.

Binti wa Kimaasai kutoka Longido alitega rangi. Kwao, alisema, rangi ni maneno: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani ya malisho. Tulitakiwa kutunga bangili inayosema jambo moja, na wenzako walisome bila wewe kufungua kinywa. Mimi nilitunga nyeupe ndefu iliyokatwa na nyekundu moja katikati. Akaishika, akaigeuza, akasema, "Hapa kuna mtu aliyeshiba, halafu akapatwa na jambo." Nilikuwa nimewaza ile harusi.

Bi mkubwa wa Kipemba, mzaliwa wa Tumbe, alitega pori na ufuo: vifuu, kauri na mbegu. Kwao Tumbe watafiti wa mambo ya kale wamechimbua vigae vingi vyenye michirizi, ambavyo watu wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walivitumia kusugulia vipande vya kombe hadi vikawa shanga. Alituonyesha kusugua kifuu kwa majani ya msasa, ule mti wenyewe ulioipa jina karatasi ya dukani. Mmoja wetu alipoleta mbegu nyekundu za mtipitipi zenye jicho jeusi, nzuri hata unatamani kuzila, Bi alizikusanya mkononi papo hapo. "Hizi ni sumu, wanangu. Ukizitoboa umeifungulia sumu mlango, na mtoto kila kitu hupeleka mdomoni. Tafuteni komwe." Komwe za bao ni ngumu kama jiwe. Ilibidi tumwombe fundi seremala atutobolee kwa keekee.

Mwaka 2020 watalii walipotoweka, meza zetu tatu zilikaa miezi bila mteja. Zamani tungeuana kwa bei. Safari hii tulikopeshana shanga, tukategana kwa picha za simu, na aliyepata oda kubwa aliigawa kwa mikono mitatu. Hilo peke yake lingetosha kuniambia tumetoka wapi.

Kilichonigusa zaidi kilikuja mwaka 2022. Zamu ilikuwa ya Bi mkubwa. "Lete shanga za mzazi wako zilizokatika. Zitunge upya, bila kuongeza hata moja."

Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Katika kopo la maziwa ya unga aliloniachia, ndani ya kipande cha kanga, kulikuwa na utunda wake. Anayejua anajua: utunda ni shanga za kiunoni, huvaliwa ndani ya nguo, na anayeuona ni mwenye ndoa yake. Si pambo la mezani sokoni. Niliwaza kutoa mji na kunyamaza. Hata hivyo uzi ulikuwa umeoza, na ukiachwa hivyo shanga zingepotea.

Nikachukua sahani ya bati, nikakata uzi wa kwanza nikiusubiri ule mlio wa mvua. Zilianguka shanga kumi tu. Nikakata tena, zikaanguka kumi. Nikasogeza taa. Kila baada ya shanga kumi mama alikuwa amepiga fundo dogo mno, limezama ndani ya tundu la ushanga unaofuata, hata mkono uliokuwa ukiushika utunda ule haukulihisi. Ukikatika uzi, unapoteza kumi, zilizobaki zinakaa mahali pake. Jibu la kosa langu la mwaka 2014 lilikuwa ndani ya kopo la maziwa siku zote. Labda alikuwa akisubiri mkono ujue.

Niliutunga upya kwa namna yake, mafundo yakiwa palepale, nikaufunga katika kanga mpya kwa ajili ya binti yangu. Siku ya kikao wenzangu walilaza kazi zao mkekani. Mimi nililaza kipande cha uzi mtupu chenye mafundo manane.

Bi mkubwa alikishika kwa muda mrefu. "Umeutunga?"

"Nimeutunga, Bi."

"Uko wapi?"

"Uko unapostahili."

"Basi umejibu. Sitaki mji."

Jioni ile niliwafundisha fundo la mama, na sasa meza zote tatu hulipiga. Zamani ningelifunikia kanga. Nimeishi soko la kufichana na nimeishi baraza la kutegana, na ninasema kwa yakini: kuigana kuliifanya kazi yetu kuwa rahisi na bei yake kuwa duni, kutegana kumempa kila mmoja wetu mkono wake. Kama una sindano, uzi na jirani mnayeviziana naye, toa kanga juu ya kazi yako. Mjazie kikombe kimoja, jaza na chako sawasawa na chake, kisha mtegee. Na kama mzazi wako amekuachia shanga koponi, zifungue leo, uhesabu mafundo.