Hakuwa Amelala

Hapa Same zikitajwa dawa za kulevya, wengi hufikiria mirungi ya milimani, ambayo Serikali ilifyeka mashamba yake mwaka 2023. Lakini sisi tulimwosha na kumswalia kijana aliyehifadhi Juzuu Amma hapa kwetu, akaenda Tanga kutafuta maisha, akarudi Upareni. Nyumbani walisema ni malaria. Ilikuwa heroini, yaani unga.

Alikuwa ameacha kwa miezi kadhaa, na mwili ukashazoea kukaa bila unga. Siku aliporudia kipimo kilekile cha zamani, pumzi ilipungua hadi ikakatika. Alikoroma ajabu, midomo ikabadilika rangi. Wakamwacha "alale" kwa kuogopa majirani. Hilo ndilo linalotuuma. Mtu wa namna hiyo hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali, na daktari aambiwe kweli alichotumia, maana kuna dawa, naloksoni, iwezayo kumrudishia pumzi. Hata tiba ya kuacha ipo: methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, bila malipo.

Nasi walimu tulijua habari zake tangu aliporudi. Tukanyamaza, eti tunamsitiri.

Mama yake bado humleta mdogo wake darasani kila Jumamosi.