Kurasa Mbili za Chandra

Tarehe 31 Julai 1930, kijana wa miaka 19 kutoka Madras alipanda meli pale Bombay, safari ya kwenda kusoma Cambridge. Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye dunia ingemwita Chandra tu, alikuwa na swali moja la kumshughulisha baharini: nyota ikishamaliza kuni zake, ni nini kinachoizuia isijiporomokee?

Wakubwa wa fani walikwisha kujibu kwamba elektroni zilizosongamana hukataa kubanwa zaidi, na msukumo wao huishikilia nyota. Chandra akaingiza humo nadharia ya Einstein ya uhusianifu, akapata jibu lililomshtua mwenyewe: ustahimilivu huo una kikomo. Nyota ikizidi uzito fulani, hakuna wa kuishika.

Hesabu hiyo ilitoka mwaka 1931 katika Astrophysical Journal, ikachukua kurasa mbili tu. Kikomo alichokitaja humo kilikuwa uzito wa Jua mara 0.91; baadaye, muundo wa nyota hizo ulipojulikana vizuri, kikawa takriban 1.4. Leo mwanafunzi wa elimu ya falaki huiandika 1.4 na kuiita "kikomo cha Chandrasekhar" bila kuutaja mwaka wala jarida. Jina limeimeza makala.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Tarehe 11 Januari 1935, Chandra aliyasoma matokeo yake mbele ya Royal Astronomical Society mjini London. Aliyefuata kusema alikuwa Arthur Eddington, bingwa wa zama zile, na aliibeza hoja yote mpaka ukumbi ukacheka. Chandra hakugombana naye hadharani. Alikwenda Marekani, akaanza kazi Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1937, akayakusanya yote aliyoyajua kuhusu muundo wa nyota katika kitabu kilichotoka 1939. Kisha akafunga mlango, akahamia uwanja mwingine.

Kuhama huko kukawa tabia yake. Katika wasifu mfupi alioandika kwa ajili ya Nobel, mwenyewe aliigawa kazi yake mafungu saba: nyota zenyewe, mienendo ya makundi ya nyota, safari ya mwanga ndani ya angahewa, uthabiti wa vimiminika, maumbo ya miili inayozunguka, nadharia ya Einstein, na mwishowe mashimo meusi. Utaratibu ulikuwa karibu uleule kila mara. Makala moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa, halafu kitabu kinene, halafu kwaheri.

Ndiyo maana orodha ya maandishi yake humchanganya anayetaka kuipima kwa hesabu ya marejeleo. Makala yake iliyorejelewa kuliko zote si ile ya kikomo cha nyota. Ni ile ya mwaka 1943 katika Reviews of Modern Physics, kurasa 89, inayoeleza mwendo wa kitu kinachosukumwasukumwa ovyo, iwe nyota katikati ya nyota wenzake au chembe ya chavua ndani ya maji. Wanakemia na wanabiolojia wameinukuu bila haja ya kuinua macho angani. Kitabu chake cha 1961 kuhusu uthabiti wa vimiminika nacho kimeingia katika kazi za wahandisi. Na faharasa kubwa ya marejeleo ya kisayansi, Science Citation Index, ilipoanza kuchapishwa mwaka 1964, mafungu manne kati ya yale saba alikuwa ameshayafunga.

Tena kuna kazi isiyohesabiwa kwenye orodha yoyote. Kuanzia 1952 hadi 1971 Chandra alikuwa mhariri wa Astrophysical Journal, lilelile lililochapisha kurasa zake mbili. Miaka 19 alisoma miswada ya wengine, akalikuza jarida la chuo kimoja hadi likawa la taifa zima la Marekani.

Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 73, pamoja na William Fowler. Inaelezwa kwamba hakufurahishwa na namna tuzo ilivyoelekea kuikumbuka zaidi kazi ya ujana wake. Mwaka huohuo alikuwa ametoa kitabu kikubwa cha hisabati ya mashimo meusi.

Bado hakutua kalamu. Alirudi kwenye Principia ya Isaac Newton, iliyochapwa 1687. Alichukua hoja za Newton mojamoja, akaifunika ithibati, akaitafuta ya kwake kwa hisabati ya leo, ndipo akafunua kuona Newton alipitia wapi. Kitabu alichokiandika kwa njia hiyo kilitoka mwaka 1995. Mwezi Agosti mwaka huohuo Chandra akafariki dunia, na wa mwisho aliyemrejelea kwa kirefu alikuwa mtu aliyeandika miaka 308 kabla yake.