Mikate Inayorudi katika Beseni



Kila siku tunasali Baba Yetu na kuomba mkate, na ni nadra kumfikiria mtu aliyeamka saa nane usiku ili mkate huo upatikane. Sisi huamka saa nane. Nyumba yetu ya Katuba ina tanuri uani, na tunaoandika hapa ni watu wawili, mume na mke: mmoja alisomea ualimu na ni katekista wa parokia, mwingine ana mikono inayoujua unga kuliko kalamu inavyoijua karatasi. Tulianza na nusu ya mfuko wa unga kwa siku na tanuri la pipa. Leo tunakanda mifuko miwili, tanuri ni la matofali, na vijana wawili wa Shirika letu wanapata riziki pamoja nasi. Tumeombwe kueleza jinsi kazi hii ilivyokua, nasi tunakubali, ingawa sehemu moja ya maelezo si tamu.

Kwanza tukumbuke kwamba nchi yetu si nchi ya ngano. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, na wafanyakazi wa Union Minière walilishwa posho ya unga wa mahindi, ambao kwa sehemu kubwa ulitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Bukari ndiyo chakula. Mkate ulikuja kama mgeni wa asubuhi, na hata sasa mtu aliyekula mkate na chai saa moja husema saa sita kwamba tangu jana hajala. Asiyelielewa jambo hili ataoka vizuri na kufilisika. Watu wasiouhesabu mkate kuwa mlo huudai mambo ambayo vitabu vya waokaji wa Ulaya havikuyawaza.

Tulipofundishwa ualimu, tuliambiwa kwamba mwalimu humchunguza mwanafunzi kabla ya kutayarisha somo. Tulilihamisha agizo hilo jikoni. Tangu wiki ya kwanza tuna daftari, na ndani yake hatuandiki sana mikate iliyouzwa, kwa maana fedha hujieleza zenyewe. Tunaandika mikate iliyorudi katika mabeseni ya akina mama wanaotuuzia: mingapi, ya aina gani, kutoka njia ipi, siku gani ya mwezi. Mteja aliyeridhika hupita bila neno. Mkate uliorudi una habari, mradi uulizwe kwa heshima na yule aliyeubeba kichwani asiogope kusema kweli.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza umbo. Mkate wetu wa kwanza ulikuwa wa duara, mzuri wa kutazamwa, nao ulirudi. Mama mmoja alitueleza: “Baba Mwalimu, huu wa duara unaleta vita nyumbani.” Nyumba yenye watoto sita hununua mkate mmoja, na duara halikatiki vipande sita bila mmoja kulalamika kwamba amepewa ganda tupu. Tukaugeuza uwe mrefu, unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, na vita ikaisha, au angalau ikahamia kwenye sukari ya chai. Wala si wateja wa mwisho tu wanaostahili kusikilizwa. Mama mwenye beseni ndiye mteja wetu wa kwanza, na mahitaji yake ni mengine: mkate usiobonyea ukipangwa juu ya mwenzake, usiotoa jasho chini ya plastiki wakati wa mvua, na ule uliobaki uwezekane kuuzwa kesho yake bila aibu.

Ladha ilitusumbua zaidi. Nyumba nyingi hazipaki kitu juu ya mkate, si siagi wala jemu, na kwa hiyo utamu wote unapaswa kuwa ndani. Tuliongeza sukari na mafuta kidogo, mikate ikaacha kurudi kutoka njia za karibu na shule. Lakini wazee wakaanza kutukimbia, hasa wale ambao daktari amewakataza sukari, na wale wanaopenda kula mkate na maharagwe. Kwao tunaoka mikate ya chumvi 40 tu kila siku, ambayo faida yake ni ndogo mno. Mama watoto alikataa katakata tuiache, akisema kwamba mzee anayetembea polepole hadi mlangoni kwetu hawezi kuambiwa ladha yake imepitwa na wakati.

Hata majira yana ladha yake. Mji wetu uko kwenye mita 1200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Donge linaloumuka kwa saa moja na nusu mwezi wa Novemba hudai karibu saa tatu wakati huo. Mwokaji mwenye haraka huongeza hamira, na mkate hunuka uchachu kufikia adhuhuri. Bwana wetu aliisifu hamira katika mfano wa mwanamke na pishi tatu za unga, kisha mahali pengine akawaonya wanafunzi wajihadhari nayo. Waliokesha na donge hawaoni mgongano wowote hapo.

Mwezi wa Septemba 2019, Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, madarasa yalijaa watoto kuliko viti. Wengi walikuja bila kula chochote, wakiwa na noti moja ndogo mfukoni. Tulianza mkate mdogo wa kiganja, wa bei ya noti hiyo. Ni huo uliotukuza, tusifiche, kuliko akili yoyote tuliyokuwa nayo.

Sasa tufike kwenye sehemu isiyo tamu. Unga wetu mwingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa na hulipwa kwa hesabu ya dola. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, mfuko wa kilo 50 ulipanda wiki hata wiki. Mfuko mmoja, pamoja na maji lita 29 hivi, sukari, chumvi na mafuta, hutoa donge la kilo 82 au karibu, yaani mikate 320 ya gramu 250 kabla ya moto, na moto hula sehemu ya kumi ya uzito. Hesabu hiyo haina mlango wa siri. Mkate wetu ulikuwa wa franka 500, na kuupandisha hadi 550 ni maneno tu, maana noti ya 50 imekuwa adimu na anayekosa chenji huenda kwa jirani. Basi bei ilisimama, na kitu kingine kilipaswa kusogea.

Katika mji wote mikate haikupungua kwa macho. Ilikuwa mikubwa zaidi! Akina mama wetu walituletea mmoja waulinganishe na wetu: mrefu, mweupe, wenye kifua. Tuliupima, ukawa na gramu 150. Muuzaji mmoja wa vifaa akaja na mfuko mdogo wa poda isiyo na jina, akatuambia kijiko kimoja kitatupa kifua kama hicho. Hapo tulisita. Yako mambo ya kuboresha unga ambayo ni halali, na iko pia bromati ya potasiamu, ambayo Ulaya hairuhusiwi katika mkate, na ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani huihesabu kati ya vitu vinavyoweza kumletea binadamu ugonjwa huo. Mfuko usio na jina hauwezi kuulizwa swali. Tuliurudisha.

Lakini hata poda ingekuwa safi kama maji ya mvua, swali lilibaki. Wateja walitaka mkate mkubwa. Sisi ambao kwa miaka tulijisifu kuwasikiliza, je, tusiwasikilize sasa? Tulilijadili usiku kadhaa. Mama wa watoto sita hakuomba upepo. Aliomba ukubwa kwa sababu kwake ukubwa ni ushahidi wa chakula, na kumpa ushahidi bila chakula ni kutumia masikio yetu dhidi yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuharibu mizani, na waliodhurika katika shutuma yake ni maskini hasa. Jambo hilo tumelifundisha kwa wakatekumeni mara nyingi. Ilikuwa zamu yetu kulisoma tukiwa na unga mikononi.

Kanisa letu lenyewe lina ujuzi wa mambo haya. Misa ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilipokea mengi ya watu wetu: mababu wanatajwa, toba inafuata mahubiri, mwili unacheza mbele ya Mungu. Walakini mkate wa altare ulibaki wa ngano na maji, bila hamira wala sukari. Nchini Kameruni wako wanateolojia walioandika kwa ukali kuhusu mtama badala ya ngano, na hoja zao hazichekeshi. Hatuingii katika ubishi huo. Tunatazama tu kwamba waliotengeneza liturujia ile walijiuliza, jambo kwa jambo, lipi libadilike na lipi lisiguswe. Nasi tulifanya vivyo hivyo juu ya meza ya kukandia. Umbo, sukari, chumvi, saa ya kutoa tanurini, vyote ni vya mteja. Uzito ni wa haki.

Tukaoka mikate miwili: mmoja wa franka 500, wa donge la gramu 180, mdogo na unaoonekana mdogo, mwingine wa franka 1000, wa gramu 380. Karibu na mlango tukaweka mizani, na kila mama anayejaza beseni hupima apendao. Siku fulani tunachanganya sehemu ya kumi ya unga wa muhogo ili kupunguza gharama. Mkate huo hauinuki sana, kwa kuwa muhogo hauna ule mnato wa ngano, lakini hukaa laini hadi kesho. Tunausema wazi kabla haujatoka uani. Wanaonunua kwa ajili ya wageni huukataa, wanaonunua kwa ajili ya watoto huuchukua.

Kati ya akina mama 14, watatu walituacha mwezi ule. Hatuwalaumu hata kidogo: beseni la mikate yenye kifua huisha mbele ya beseni letu, na kodi ya nyumba haijui mizani. Mmoja amerudi. Wawili hatujawaona, na kila tunapokutana na mmoja wao baada ya Misa tunaamkiana vema bila kugusa habari za mkate. Kwa miezi mitano tulishuka hadi mfuko mmoja, na vijana wale wawili tuliwalipa nusu ya siku.

Aliyetuinua hakuwa mwenye hotuba. Ni mama mmoja wa njia ya sokoni aliyeomba kuiazima mizani, akaiweka juu ya kiti kando ya beseni lake, akawa anapima mbele ya wateja mkate wake na ule wa jirani, akicheka. Wiki ile beseni lake halikurudisha mkate hata mmoja. Wenzake wakaja kuiomba pia, wakagombania siku. Mwezi uliopita tulinunua mizani ya pili, na wale wa Ruashi wameshaandikisha majina yao kwa ajili ya ya tatu.